Nina miaka 49 na kabati limejaa sare za harusi za watu

Swali

Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali, naishi Buswelu, nina miaka 49. Mtoto wangu wa mwisho ameingia chuo, baba yao anafanya kazi Geita na hurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi niko peke yangu. Tangu mwaka juzi mwili umebadilika. Tumbo limetoka, mikono imejaa, joto linanipanda katikati ya kipindi mpaka nalowa mgongo mbele ya wanafunzi. Nguo zinazonipendeza hazinitoshi, na zinazonitosha hazinipendezi. Sketi ya kijivu niliyoshonewa mwaka 2019, ninayoipenda kuliko zote, haifungi zipu. Binti yangu anasema navaa kama bibi. Wifi yangu naye aliniambia mbele ya watu kwamba gauni nililovaa ni la wasichana. Nimeweka akiba laki tatu, nataka nigawe nguo zote nianze upya. Nimechoka na kazi pia, nawaza kuacha ualimu niingie kwenye dagaa. Nivaeje katika umri huu, na nianzie wapi?

Jibu

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonikaa moyoni si tumbo wala wifi. Ni pale uliposema unataka kugawa kila kitu uanze upya. Nakuomba usubiri kidogo.

Nimekata na kushona nguo za wanawake hapa Mwanza tangu 1989. Nilianza na cherehani moja kwenye baraza ya duka la vitambaa mjini, enzi ambazo khanga na vitenge vya Mwatex ya Igoma bado vilikuwa mikononi mwa kila mama. Wanawake wa umri wako nimewapokea wengi, na wengi walikuja hivyo hivyo: wana hela kidogo waliyoitunza kwa shida, wana hasira na kioo, wanataka kila kitu kipya leo. Niliwashonea. Baada ya miaka miwili walirudi wakisema maneno yale yale, kabati limejaa na hawana cha kuvaa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba shida yao haikuwa uchache wa nguo wala uzee wa nguo. Nguo nyingi zilizokuwa kabatini hawakuzichagua wao, na zile walizozichagua zilikatwa kwa vipimo vya mwili waliokuwa nao zamani.

Kwa hiyo laki tatu iache ilipo. Jumamosi moja ukiwa peke yako, toa kila nguo uimwage kitandani. Zile za chini ya sanduku uzitoe pia. Ukimaliza, usianze kupanga zinazokutosha na zisizokutosha. Panga kwa swali hili: hii nani aliichagua?

Najua utakachokikuta, maana nimelifanya zoezi hili na wateja wangu nyumbani kwao. Utakuta lesi ya zambarau ya sendofu ya mtoto wa jirani. Satini ya kijani ya kicheni pati. Kitenge cha ubatizo, kitenge cha kikundi, kitenge cha kwaya. Utakuta vitenge vya tarehe 8 Machi vya miaka kadhaa, kila mwaka rangi yake, na fulana za Mei Mosi zilizopauka mabega. Mwanamke wa Kitanzania aliyefika umri wako akiwa na kazi na heshima yake mtaani anaalikwa kila mahali, na kila mahali kuna kamati, na kila kamati ina sare. Nimewahi kuhesabu na mteja mmoja, mhasibu, tukakuta nguo 41 kitandani kwake. Alizoziingilia dukani kwa miguu yake, akazishika na kuzipenda zilikuwa 9. Zilizobaki ziliamuliwa na kamati, au alipewa zawadi, au alinunua haraka kwa sababu ya msiba au safari. Yule mama alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Kumbe miaka yote nimekuwa navalishwa."

Sisemi uache kuchangia. Michango yetu ina kazi yake, na wewe mwenyewe unajua siku ya msiba wako ni nani watakaokaa kwenye mkeka mpaka usiku. Lakini mchango na sare ni vitu viwili, na wengi tumevishona pamoja kama vile havitengani. Toa mchango wako wote, mapema, bila kukumbushwa. Kuhusu sare, mwambie mwenyekiti wa kamati kwa upole kwamba utakuja na nguo yako inayoendana na rangi yao. Mara ya kwanza watanong'ona. Mara ya tatu utaona wenzako wawili wamefuata. Na kama ni harusi ya ndugu wa damu ambayo huwezi kukwepa sare, basi kitambaa wachague wao ila mshono uchague wewe. Usishone gauni refu la kukokota utakalovaa mara moja. Shona sketi na blauzi mbali mbali. Sketi ya lesi hiyo utaivaa na blauzi nyeupe ya pamba kanisani mwaka mzima, na blauzi utaivaa na sketi nyeusi. Kitambaa kile kile, pesa ile ile, nguo mbili badala ya moja iliyolala sandukuni.

Sasa mwili wenyewe. Kuna jambo nataka ulisikie vizuri, kwa sababu barua yako ina sauti ya mtu anayejilaumu. Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na miaka kadhaa kabla ya hapo homoni ya estrojeni huanza kupanda na kushuka ovyo. Hapo ndipo joto la ghafla linapotoka, na jasho la usiku, na usingizi kukatika. Mafuta ambayo zamani yalikaa kwenye nyonga na mapaja huanza kukaa tumboni hata kama chakula hakijabadilika. Mgongo wa juu hujikunja kidogo, ziwa hushuka, unyayo hupanuka. Hayo hayaji kwa sababu ulizembea. Chakula na mazoezi vina nafasi yao, lakini hakuna mazoezi yatakayokurudishia umbo la miaka 32, na nguo uliyoshonewa na miaka 32 haina kosa wala wewe huna kosa. Vipimo vimepitwa na wakati, basi.

Kwa hiyo pima upya. Nenda kwa fundi wako na umkataze kutumia daftari la zamani. Mafundi wengi tuna uvivu huo: mteja wa siku nyingi akija tunafungua ukurasa wake na kukata. Mwambie apime kifua, chini ya ziwa, kiuno, kisha tumbo penyewe, vidole vitatu au vinne chini ya kitovu, kisha nyonga. Kipimo cha tumbo wengi hawakichukui kabisa, na ndicho kinachofanya sketi ikae vibaya. Halafu apime urefu wa sketi mara tatu: kutoka kiunoni kushuka mbele, pembeni, na nyuma. Tumbo likitoka, pindo la mbele hupanda. Ndiyo maana unajiona kwenye picha sketi imeinuka mbele kama imevutwa, ukadhani ni fupi. Haikuwa fupi. Ilikatwa sawa pande zote kwa mwili ambao hauko sawa pande zote. Na mgongo ukianza kujikunja, kwenye gauni kinyume chake hutokea, nyuma ndiko kunakopanda. Fundi mzuri akikuona umesimama anajua, lakini umwambie hata hivyo.

Hapa niongeze jambo ambalo si la ushonaji, ila limetokana na futi ya kupimia. Tumbo la umri huu huongezeka polepole, pamoja na mwili mzima. Mteja wangu mmoja aliongezeka inchi 4 tumboni ndani ya miezi miwili huku mikono yake ikipungua na akila kidogo tu anashiba. Nilikataa kumpanulia gauni mpaka aende hospitali. Alienda Bugando, na ilikuwa kweli kuna jambo la kutibiwa. Ukiona hivyo, au hedhi ikakoma miezi 12 kisha damu ikarudi hata tone, usiende kwa fundi wala kwa muuza dawa za mitishamba. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Na kama hujapimwa saratani ya mlango wa kizazi, nenda ukapime hata kama huna dalili.

Turudi kwenye nguo. Kosa kubwa ninaloliona kwa wanawake wa umri wetu ni kununua kubwa ili tumbo liingie. Tumbo linaingia kweli, lakini bega linaanguka, mkono unashuka mpaka katikati ya kiganja, na mwanamke anaonekana amevaa nguo ya mtu mwingine. Hapo ndipo binti yako anaposema "kama bibi". Halafu ukikasirika unavaa ile ya zamani inayobana, na wifi anapata la kusema. Ninyi watatu mnaongelea kitu kimoja bila kujua, yaani nguo isiyokaa mwilini.

Bega ndilo linaloamua. Nguo ikikaa begani, mwisho wa mshono ukigusa mfupa wa bega bila kuushukia mkononi, macho ya watu yanapumzika na kwingine kote kunasamehewa. Bega ni gumu kurekebisha, linahitaji kufumua mkono mzima. Pembeni ni rahisi. Kwa hiyo ukienda Mlango Mmoja kuchagua mitumba siku balo linapofunguliwa, shika begani kwanza. Bega likikataa, rudisha hata kama ni hariri. Bega likikubali, geuza ndani utazame mshono wa pembeni. Nguo za kiwandani huacha akiba ndogo sana ya kitambaa, hazipanuki, kwa hiyo tafuta zisizokatwa kiunoni: gauni linaloshuka moja kwa moja na kufunguka taratibu kuelekea chini, au blauzi yenye vifungo mbele inayoishia kwenye nyonga. Nguo za ndani usinunue za mitumba hata zikiwa safi kiasi gani. TBS, shirika la viwango, wamezipiga marufuku, na lastiki yake imeshakufa kabla haijafika Mwanza.

Kwa nguo za kushona, muombe fundi aache inchi moja ya akiba kila upande wa mshono wa pembeni. Atakuambia inaongeza uzito. Mwambie uongeze. Mshono wa pembeni una tabaka mbili, mbele na nyuma, na uko kulia na kushoto. Ukifungua nusu inchi tu kila tabaka umepata inchi 2 nzima za kiuno. Nguo yenye akiba inakufuata miaka kumi. Isiyo na akiba unaigawa baada ya miaka miwili.

Ziwa pia. Sidiria iliyochoka inaharibu gauni la thamani yoyote. Uzito unatakiwa ubebwe na mkanda wa kifuani, sio kamba za begani. Ukiona kamba zinakuchora mifereji begani, mkanda umekulegea mno na huenda vikombe ni vidogo. Kwenye laki tatu yako, hapa ndipo pa kuanzia, sidiria mbili mpya kabla ya kitambaa chochote.

Joto linalokupanda darasani lina uhusiano mkubwa na kitambaa. Inaniuma kusema hili katika mkoa wetu. Ukitoka hapa kwenda Magu, Misungwi au Kwimba unapita kwenye mashamba ya pamba, watu wetu wameilima pamba hii vizazi na vizazi, lakini makabati yetu yamejaa poliesta. Poliesta haifyonzi jasho. Inalifungia ndani likalowanisha mgongo, kisha upepo wa ziwa ukipiga unahisi baridi, ukivaa sweta joto linarudi. Vaa pamba. Na usimwamini muuzaji kwa maneno, hata pale Makoroboi ambako nina marafiki wengi. Omba uzi mmoja wa pembeni ya kitambaa, uchome kwa kiberiti ukiwa pembeni na bidhaa zake. Pamba huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini yanayopeperuka. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kikiungua nusu hivi nusu vile, ni mchanganyiko. Ule wenye pamba nyingi hauna ubaya kwa sketi, kwa blauzi tafuta pamba tupu.

Lakini angalia mtego mmoja ambao hata mafundi wenzangu hawautazami. Unanunua kitenge cha pamba safi, fundi anakiwekea kwa ndani bitana ya poliesta kuanzia kifuani mpaka pindoni. Umevaa poliesta. Pamba uliyolipia inaonekana kwa watu tu, mwilini mwako haifiki. Sema bitana iwe ya pamba nyepesi, au iwekwe kwenye sketi peke yake, juu kuachwe wazi. Na kabla ya kupeleka kitenge kwa fundi, kiloweke usiku mzima kwenye maji na ukianike kivulini. Pamba hurudi ikilowa. Bora irudi kabla ya kukatwa.

Darasani vaa blauzi inayofunguka mbele na shingo iliyo wazi kidogo, halafu mtandio mwepesi wa pamba begani. Joto likipanda unautoa, likishuka unaurudisha, na mwanafunzi hajui kilichotokea. Nguo za rangi ya kati, kama kijivu hafifu na bluu ya anga, huonyesha jasho zaidi ya zote. Nyeupe, rangi iliyokolea sana au maua madogo madogo hulificha.

Rangi zingine chagua kwa uso wako. Mvi zikianza, rangi zilizokupendeza ukiwa na nywele nyeusi tii zinaweza kukuchosha uso. Usichague kitambaa chini ya taa ya dukani. Kibebe mpaka mlangoni, kiweke chini ya kidevu mchana, umwombe mtu akutazame macho wala asitazame kitambaa. Macho yaking'aa, chukua. Mvi zenyewe hukuniuliza moja kwa moja, lakini wanawake wote wananiuliza, kwa hiyo nitakwambia maoni yangu: mwanamke mwenye mvi fupi zilizokatwa vizuri, shingo wazi na hereni nzuri, anaingia popote. Ukipenda kupaka rangi nyeusi, paka, ila jaribu kwanza tone dogo nyuma ya sikio usubiri siku mbili, kwa sababu dawa nyingi za kuweka weusi zina kemikali inayowavimbisha watu uso mpaka macho yanafunga. Na kama kingo za nywele zimeanza kukatika, pumzisha misuko ya kubana. Nywele zilizovutwa miaka mingi hufika mahali zisiote tena.

Mkorogo sitauzungushia maneno. Usiguse. Krimu nyingi za kujichubua zina zebaki inayoharibu figo, au dawa za steroidi zinazofanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, na ngozi hiyo ikihitaji kushonwa hospitalini haishiki uzi vizuri. Nimewapoteza wateja wawili wazuri kwa kuwaambia ukweli huu, na nitaendelea kuusema.

Viatu, kwa ufupi. Mji wetu ni wa mawe na vilima. Nunua kiatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kazi za siku, na upime vyote viwili. Kisigino cha inchi moja na nusu chenye msingi mpana kinakupandisha Isamilo na kukushusha Mabatini bila kukuvunja kiuno.

Kuhusu wifi: mavazi yako ya kazini yana kipimo chake tayari, upo Waraka wa Utumishi wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, unaokataza nguo zinazobana, fupi au zinazoonyesha maungo. Ukiwa ndani ya hapo, umri wako haujakatazwa rangi nyekundu wala mkono mfupi. Wifi ni wifi, msalimie, mpe chai, usibishane naye mbele ya watu. Binti yako msikilize zaidi kidogo. Mpe kazi: akupige picha ukiwa umesimama, mbele, pembeni na nyuma, kwa nguo tano unazovaa sana. Picha ya pembeni itakufundisha kuliko mimi.

Sasa laki tatu. Ningekuwa wewe, ningeigawa hivi: kwanza sidiria mbili na kiatu kimoja kizuri cha kutembelea. Pili, kurekebisha nguo unazozipenda, maana kurekebisha ni bei ndogo kuliko kushona. Tatu, kitambaa cha pamba kwa sketi moja nyeusi au ya bluu iliyokolea na blauzi mbili, kwa vipimo vipya. Hapo simama. Vaa miezi mitatu. Kitakachobaki kiweke, kwa sababu katika miezi hiyo utagundua unachokosa kweli, na mara nyingi sicho unachokifikiria leo. Zile sare za harusi, zenye kitambaa kizuri mpelekee fundi azigeuze kuwa sketi au foronya, zilizobaki gawa. Lakini gawa mwishoni, baada ya kujua.

Kuhusu kuacha kazi, mimi ni fundi, na nitasema kama dada aliyewavalisha walimu wengi na wafanyabiashara wengi wa soko la dagaa la Mwaloni. Miaka 49 si uzee wa kuanza biashara. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba umeweka uchovu wa kazi na uchovu wa mwili kwenye kapu moja. Mtu asiyelala usiku kwa sababu ya jasho anaichukia kazi yoyote. Anza na usingizi. Muone daktari kuhusu joto hilo, kuna matibabu, na wanawake wengi hapa hawajui kama yapo. Ukilala wiki tatu vizuri, jiulize tena kama unauchukia ualimu.

Ukikuta bado unataka dagaa, ijue tabia yao. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, wanavutwa kwa taa, zamani karabai na sasa taa za sola. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo pesa ya dagaa inakuja na kuondoka na mwezi, na wewe umezoea miaka mingi mshahara usiojua mwezi mpevu. Kisha kuna mvua, vuli ya Oktoba mpaka Desemba na masika ya Machi mpaka Mei, ambapo dagaa hawakauki vizuri na wakiharibika rangi huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya chini. Anayeingia kiangazi akaona faida huwa hajaijua bado biashara hii.

Katika utumishi wa umma unaweza kustaafu kwa hiari ukifika miaka 55, na lazima ukifika 60. Una miaka sita kabla ya kufika hiyo 55. Ukiacha leo kwa hasira unaitupa miaka hiyo. Nenda ofisi za PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hapa mjini, omba taarifa ya michango yako, uone kama kuna miezi iliyokosekana, maana kuifuatilia ukiwa kazini ni rahisi kuliko ukiwa umeondoka. Halafu likizo ya Juni, shule zikifungwa, ingia Kirumba Mwaloni na magunia mawili kwa pesa yako mwenyewe, bila mkopo wa kikundi. Kaa nayo mzunguko mzima wa mwezi, giza mpaka giza. Desemba rudia, uonje na mvua. Andika kila shilingi ya mpakizi, ya kuanika, ya ushuru, ya nauli. Baba yao akirudi kutoka Geita mwonyeshe daftari, usimwonyeshe hamu. Kwa kazi hiyo vaa pamba ya rangi iliyokolea, aproni ndefu na kiatu kilichofunika vidole, na uziweke nguo hizo mbali na za shule, kwa sababu harufu ya dagaa inahamia kwenye kabati zima.

Mwisho, ile sketi ya kijivu ya 2019. Usimpe mtu. Igeuze ndani nje leo hii, utazame mshono wa pembeni. Kama fundi alikuachia akiba, mpe aifungue pande zote mbili na aongeze kipande kwenye mkanda wa kiuno, zipu itafunga. Kama hakuacha, mwambie atie kipande chembamba cha kitambaa cheusi pembeni kuanzia kiunoni mpaka pindoni, kulia na kushoto, kionekane kama ulikitaka tangu mwanzo. Na kabla hajakata, avae miwani yake, apime tumbo, na apime mbele, pembeni na nyuma.